Kwa nini mpishi hodari hutolewa: jibu kuhusu Top Chef

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mpishi wa vyakula vya moto katika hoteli moja ya Mombasa. Wenzangu nami hutazama Top Chef, shindano la wapishi kwenye televisheni ya Marekani, kila tunapopata nafasi, na kila mara tunamaliza kwa ubishi. Katika msimu wa 10, Kristen Kish alitolewa kwa kosa ambalo sisi tuliona ni la mwenzake, kisha akarudi na kushinda mashindano yote. Je, mashindano haya hupima upishi kweli, au matokeo yamepangwa? Na kwa nini wapishi wenye uzoefu wa miaka mingi hutolewa kwa kitu kama risoto ya Kiitaliano, ambacho ni wali tu? Nauliza pia kwa faida yangu, kwa kuwa meneja amenipendekeza kwenye shindano la wapishi wa hoteli litakalorekodiwa kwa televisheni: saa moja, waamuzi wanne, kiungo kikuu ni samaki, lakini aina ya samaki tutaijua siku hiyohiyo.

Jibu: Marahaba. Uonjaji katika mashindano haya ni wa kweli, na sijapata sababu ya kuamini kwamba mshindi huandikwa kabla ya jiko kuwashwa. Hata hivyo, kinachopimwa ni chembamba kuliko upishi kwa ujumla wake. Kinachopimwa zaidi ni uamuzi, yaani uwezo wa kuchagua chakula kinachoendana na muda, jiko na idadi ya walaji uliopewa, kisha kukitoa kikiwa kimekolea. Mpishi mwenye mikono mizuri kuliko wote anaweza kutolewa kwa sababu alichagua vibaya katika dakika tano za mwanzo, na kisa cha Kish pamoja na lile swali lako la risoto ni sura mbili za jambo hilo moja.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kuanzia Japani, kwa sababu huko ndiko upishi wa wataalamu ulikogeuzwa kuwa pambano la uwanjani. Mwaka 1993 kituo cha Fuji Television kilianza kurusha Ryōri no Tetsujin, kipindi ambacho dunia ilikuja kukifahamu kwa jina la Iron Chef, na kikaendelea hadi mwaka 1999. Mwigizaji Takeshi Kaga, akiwa amevaa kama mtawala wa hadithi za kale, alifunua kiungo kikuu, na mpishi mgeni akapambana kwa saa moja na mmoja wa wapishi wakazi wa kipindi. Kila mwonjaji alikuwa na alama 20 za kugawa: 10 kwa ladha, 5 kwa mwonekano na 5 kwa ubunifu. Ona kwamba hata katika kipindi kilichojaa moshi, ngoma na mavazi ya kung'aa, nusu nzima ya alama iliachiwa ulimi. Gharama nayo haikuwa ya mchezo, kwa kuwa hadi kipindi kinafungwa, bili ya vyakula pekee ilikuwa imepita yeni milioni 800.

Katika kipindi hicho, mpishi ninayewaonyesha wanafunzi wangu mara nyingi zaidi ni Rokusaburo Michiba, aliyesimamia upishi wa Kijapani tangu mwanzo hadi mwaka 1996. Saa ilipoanza kuhesabu, mpinzani alikimbilia kisu. Michiba alichukua brashi na wino, akakaa, akaandika orodha ya sahani zake kwa mwandiko wa heshima. Mtazamaji aliona madaha ya mzee. Mimi naona mtu aliyelipa dakika chache za mwanzo ili asije akalipa ishirini baadaye, kwa sababu baada ya kuandika hakubadili nia, na wasaidizi wake wawili walijua la kufanya bila kuuliza. Kisha alitengeneza mchuzi wake maarufu wa vipande vya samaki aina ya jodari waliokaushwa, akitumia vipande vingi kupita kiasi cha kawaida, na mchuzi huo mmoja ukawa msingi wa karibu kila sahani. Msingi mmoja wenye nguvu, sahani kadhaa juu yake: ni hesabu ya mtu anayejua saa moja ina nini ndani yake.

Pia ujue kwamba ile siri ya kiungo kikuu haikuwa siri kamili. Wapishi walipewa mapema orodha fupi ya viungo vinavyoweza kutokea, na utaratibu wa namna hiyo uliendelea katika toleo la Marekani lililoanza mwaka 2005. Wengine wakisikia haya husema wamedanganywa. Sioni udanganyifu mkubwa. Jiko linalopaswa kuwa na kila kitu pembeni ya kiungo kisichojulikana haliwezekani kuendeshwa, na mtu aliyepewa viungo vitano vya kufikiria bado anabaki na kazi yote ya kupika kile kimoja kilichotajwa. Hata wewe umeambiwa ni samaki; hujaambiwa ni changu au ni nguru.

Top Chef ilianza tarehe 8 Machi 2006 kwenye kituo cha Bravo, msimu wa kwanza ukifanyika San Francisco, ambako Harold Dieterle alishinda dola 100,000. Kanuni yake ni tofauti na ya Kijapani kwa jambo moja ambalo wenzako huenda hawalipi uzito: hakuna alama zinazojumlishwa. Mpishi huhukumiwa kwa chakula cha siku ile tu. Ukishinda mara nne, kisha siku nyingine ukatoa sahani mbovu kuliko za wengine, unaondoka, na aliyekuwa akiponea chupuchupu wiki zote hizo anabaki. Tom Colicchio, mwamuzi mkuu tangu msimu wa kwanza, amelieleza hili mara nyingi, na watazamaji hawachoki kulilalamikia. Malalamiko yana haki yake ikiwa unadhani shindano linatafuta mpishi bora kwa wastani. Halitafuti hivyo. Linatafuta atakayebaki bila kukosea vibaya, na hayo ni mashindano mengine kabisa.

Kuhusu kupangwa kwa matokeo, kipindi chenyewe kina maelezo ambayo watu wengi hawayasomi kwa sababu hupita haraka mwishoni: maamuzi ya ushindi na ya kutolewa hufanywa na waamuzi kwa kushauriana na watayarishaji, na baadhi ya maamuzi ya kutoa mtu hujadiliwa na kituo. Maana yake ni kwamba mlango wa watayarishaji upo, na umetangazwa. Marekani ina kumbukumbu chungu katika jambo hili. Baada ya kashfa za vipindi vya maswali na majibu vya miaka ya 1950, ambavyo washiriki walipewa majibu mapema, sheria ya mawasiliano ilirekebishwa mwaka 1960 ili kukataza kupanga matokeo ya mashindano ya maarifa, ya ustadi wa akili au ya bahati. Kwa maoni yangu, nguvu kubwa ya watayarishaji haiko katika kuchagua mshindi. Iko katika kuchagua washiriki, katika kutunga masharti ya kila siku, na zaidi katika uhariri. Siku nzima ya kupika hukatwa hadi ikatoshea chini ya saa moja. Mpishi akionekana anafuta jasho na kutazama saa, huenda picha hiyo ni ya dakika ya kumi na sauti unayoisikia ikisimulia ni ya mahojiano yaliyorekodiwa baadaye, anapojua tayari kilichotokea. Kwa hiyo usihukumu wasiwasi wa mtu kwa picha. Hukumu uamuzi wake, kwa sababu sahani iliyofika mezani haiwezi kuhaririwa sana: waamuzi wanaisema, na wao wameila.

Suala la chakula kupoa huulizwa sana na wanafunzi wangu, kwa kuwa mazungumzo ya waamuzi huonekana kuchukua muda mrefu. Chakula huonjwa kinapotolewa. Mabishano marefu ya mezani huja baadaye, na sahani nzuri unayoionyeshwa kwa karibu, bila kijiko kilichoigusa, mara nyingi ni ya ziada iliyopangwa kwa ajili ya kamera.

Sasa nirudi kwa Kristen Kish. Msimu wa 10 ulifanyika Seattle na kurushwa kuanzia mwaka 2012 hadi 2013. Katika pambano la Restaurant Wars, ambapo timu mbili hufungua migahawa ya muda na kuhudumia wageni halisi, Kish alikuwa mpishi mkuu wa timu yake. Moja ya sahani ilikuwa supu ya samaki ya Kifaransa aliyokuwa ameipanga kwa namna mpya, na mwenzake aliyekabidhiwa kazi hiyo hakuyaanza maandalizi ya mchuzi mapema kama mpango ulivyodai. Sahani ikatoka pungufu. Mbele ya waamuzi Kish hakumtupia mwenzake lawama. Alisema jiko lilikuwa lake. Akatolewa.

Ninyi mliona dhuluma. Mimi nimefanya kazi chini ya wapishi wakuu na nimekuwa mmoja wao, nami naona waamuzi walitumia kanuni ileile inayotumika katika jiko lolote lenye nidhamu. Mgeni aliyeletewa supu isiyofaa hamtafuti aliyeichemsha. Mpishi mkuu ndiye aliyeiruhusu ipite dirishani, na alikuwa na njia tatu: kuonja mapema na kugundua, kubadili sahani, au kuiondoa kwenye orodha na kutoa sahani chache zaidi. Hakutumia hata moja, ama kwa kukosa muda ama kwa kumwamini mwenzake kupita kiasi. Ninachokubaliana nanyi ni kwamba kanuni hiyo inamwadhibu anayekubali kubeba mzigo na kumwachia aliyekaa nafasi ndogo. Katika Restaurant Wars, cheo cha mpishi mkuu kina hatari kubwa na faida ndogo, na washiriki wa misimu ya baadaye wamejifunza kukiogopa.

Kurudi kwake hakukuwa huruma. Tangu msimu wa 9 kipindi kimekuwa na shindano la pembeni, Last Chance Kitchen, ambamo waliotolewa hupambana mbele ya Colicchio peke yake, na anayebaki mwisho hurudishwa. Kish alishinda pambano baada ya pambano humo, akarudi, akashinda fainali, akawa mwanamke wa pili kutwaa taji hilo baada ya Stephanie Izard wa msimu wa 4. Mwaka 2024 alichukua nafasi ya Padma Lakshmi kama mtangazaji wa kipindi. Nadhani shindano hilo la pembeni ni kukiri kimyakimya kwa watayarishaji kwamba kanuni ya siku moja hukata watu ambao haikupaswa kuwakata.

Kuhusu risoto, niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu mpishi anayesema "ni wali tu" ndiye anayetolewa.

Punje za mchele unaotumika, kama Arborio au Carnaroli, zina wanga mwingi unaoyeyuka kutoka nje ya punje unapokoroga na kuongeza mchuzi wa moto kidogokidogo. Wanga huo ndio unaotengeneza ule uzito wa uji mwepesi unaoshika punje, huku kiini cha punje kikibaki na ukinzani kidogo wa meno. Kazi hiyo huchukua takriban dakika 18, kisha siagi na jibini huingia nje ya moto. Kuanzia hapo risoto inakufa. Wanga unaendelea kunywa maji na kukaza unapopoa, na ndani ya dakika chache kile kilichokuwa kikitiririka sahanini kinasimama kama kilima. Pilau huvumilia: unaifunika, unapalia makaa juu, unakwenda kuswali na kurudi, nayo imezidi kuwa nzuri. Risoto haimsubiri mtu.

Weka hilo ndani ya shindano. Waamuzi wanne au watano watakula. Pengine na wageni 100 pembeni. Jiko hujalizoea, moto wake hujui nguvu yake, na sufuria kubwa ya kutosha huenda anayo mpinzani. Hotelini tunaitatua risoto kwa kuipika mapema hadi theluthi mbili, kuitandaza kwenye trei ipoe haraka, kisha kuimalizia kwa dakika tano au sita kila oda inapoingia. Njia hiyo inahitaji nafasi kwenye friji, trei, na mtu wa kusimama jikoni akimalizia sahani chache kwa wakati mmoja, yaani vitu vitatu ambavyo mashindano hukunyima kwa makusudi. Mpishi anaichagua kwa sababu kwao anaipika kila usiku na wateja wanaisifu, akisahau kwamba kule anayo mashine nzima ya watu na vifaa inayoifanya iwezekane. Waamuzi nao, wakiwa wapishi, wanajua risoto iliyo sahihi ni ipi, hivyo hakuna pa kujificha. Ndiyo maana sahani hii imepata sifa ya kuwarudisha watu kwao, hadi waamuzi wenyewe hutazamana inapotajwa.

Nyama ngumu inayohitaji saa tatu za moto mdogo huua kwa njia hiyohiyo, na sufuria ya presha haiokoi kila mara kwa sababu hulainisha nyama kabla mchuzi haujapata kina. Keki na mikate huua wale wasiobeba vipimo kichwani, kwani vitabu vya mapishi haviruhusiwi.

Jambo jingine lisiloonekana kwenye skrini ni wingi wa kinachoonjwa. Mteja wako hula sahani nzima. Mwamuzi hula vijiko viwili au vitatu, kisha huhamia sahani inayofuata, na siku nyingine huwa na sahani kumi au zaidi mbele yake. Kwa sababu hiyo chakula cha mashindano hupikwa kwa nguvu kuliko cha mgahawa: chumvi karibu na mpaka wake, uchachu unaosikika mara moja, kitu cha kukwaruza meno juu ya kitu laini. Mchuzi wa upole ambao uzuri wake hujitokeza kwenye kijiko cha kumi hauna kijiko cha kumi. Lawama inayosikika zaidi kwa waamuzi wa Top Chef ni kwamba chakula hakikukolea chumvi, na haitokani na ukali wao. Mpishi aliyechoka, mwenye jasho, anayeonja kwa haraka huku akikimbia, hupoteza kipimo cha ulimi. Pilipili nayo ina hila yake: ikikaa kinywani mwa mwamuzi, mpishi anayefuata atahukumiwa kwa ulimi uliochomwa na mwenzake.

Kuna udhaifu mmoja wa mashindano haya ambao unatugusa sisi wa huku, nao ni kipimo ambacho mwamuzi anakuja nacho kichwani. Risoto ina kipimo kinachojulikana na kila mwamuzi. Ugali, matoke au mchuzi wa karanga kwa miaka mingi haukuwa nacho mezani pale. Marcus Samuelsson, aliyezaliwa Ethiopia na kulelewa Uswidi, alishinda Top Chef Masters, kipindi ndugu cha Top Chef, mwaka 2010, lakini aliingia akiwa tayari ni mpishi mwenye jina New York aliyepata umaarufu kwa vyakula vya Skandinavia, na hivyo alikuwa na mkopo wa kuaminiwa alipoileta Afrika sahanini. Eric Adjepong, mwenye asili ya Ghana, alifika fainali ya msimu wa 16 huko Macau akiwa na orodha ya sahani inayofuata safari ya vyakula vya Afrika Magharibi kuvuka Atlantiki, akatolewa baada ya sahani ya kwanza tu. Siwezi kusema sahani hiyo ilistahili kushinda, kwa kuwa sikuila. Ninachoweza kusema ni kwamba mpishi wa chakula kisichozoeleka hubeba kazi mbili, kupika na kufundisha, ndani ya muda ambao mwenzake anabeba moja. Katika msimu wa 18, uliorushwa mwaka 2021 kutoka Portland, washiriki wote walitakiwa kupika wakifuata vyakula vya Afrika na watu wa asili yake baada ya kuvionja kwenye migahawa ya mji huo, na kwa mara moja kazi ya kufundisha ilifanywa na kipindi chenyewe.

Yapo mengi ambayo mashindano hayapimi kabisa: kutoa sahani ileile kwa ubora uleule mara mia mbili kwa wiki, kudhibiti gharama, kulea vijana wa jikoni, kuagiza samaki kwa kiasi kisichooza. Ukishindwa mbele ya kamera, hayo yote yatakuwa bado yapo mikononi mwako.

Tuje kwenye shindano lako. Umepewa bahati ambayo wengi hawakupewa: kiungo ni samaki, na wewe ni mtu wa Pwani. Usitafute aina ya samaki kwa kubahatisha. Chagua sasa mapishi mawili, moja la samaki wa nyama nyeupe kama changu au tewa, na jingine la samaki wa mafuta na nyama iliyoshikana kama nguru au jodari, ili siku ile usiwe na la kufikiri ila kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa samaki wa kwanza ningekushauri wa kupaka, kwa sababu hatua zake zinaweza kutenganishwa: samaki huchomwa, tui hupikwa kando, na vinakutana mwishoni. Chakula ambacho sehemu zake zinaweza kungoja kila moja kivyake kina faida kubwa katika saa moja. Kwa wa pili, vipande vinene vilivyokaangwa haraka juu ya moto mkali, na ukwaju, vinatosha. Usivipike hadi vikauke kwa kuogopa kuambiwa vibichi.

Uliza leo, kwa maandishi, kama makaa yanaruhusiwa. Studio nyingi hazitayaruhusu, na samaki wa kupaka wa kwenye oveni bila moto wa juu hutoka amechemka badala ya kuchomwa. Ukijibiwa hapana, uliza kama oveni ina moto wa juu, na ufanye majaribio kwenye oveni ya namna hiyo, si kwenye jiko lako la kila siku. Uliza pia kama nazi itakuwa nzima au tui la kopo. Nazi nzima ni nzuri, lakini kuvunja, kukuna na kukamua kutakula dakika ambazo mpinzani anazitumia kuonja. Nikiwa wewe, ningekuna moja tu kwa ajili ya tui zito la kumalizia na kutumia la kopo kwenye msingi wa mchuzi. Na ukishatia tui zito, usiliache lichemke kwa nguvu, maana likikatika mbele ya kamera hutapata muda wa kuanza jingine.

Gawa saa yako kuanzia mwisho kuja mwanzo. Dakika nane za mwisho ni za kupanga sahani pekee, bila chochote kikiwa kwenye moto unaohitaji macho yako. Dakika kumi kabla ya hapo ni za kupaka na kuchoma mara ya mwisho. Samaki wa kwanza kugusa moto awe ametiwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu si chini ya dakika kumi na tano kabla, na hiyo ina maana kwamba kazi yako ya kwanza baada ya kutajiwa samaki ni kumsafisha na kumtia viungo, kabla hata ya kukata kitunguu. Wali wa nazi upikwe mapema na ufunikwe, kwa kuwa yeye anajua kungoja. Kachumbari ikatwe mapema lakini chumvi na siki viingie dakika ya mwisho, isije ikatoa maji na kulowesha sahani. Hiyo ndiyo itakayokupa uchachu na ukwaruzo ambao vijiko viwili vya mwamuzi vinautafuta.

Waamuzi ni wanne, lakini pika samaki wa sahani sita. Ya tano ni ya kamera, kama wataitaka. Ya sita onja wewe, ukiwa umesimama, umetua pumzi na umesukutua mdomo kwa maji, zikiwa zimebaki dakika kumi; ukiona imekolea sawasawa kwa mlaji wa sahani nzima, ongeza chumvi kidogo na matone ya ndimu kwenye mchuzi kabla ya kupaka mara ya mwisho.